Biblia Ilibadilishwa? Tuulize Nakala Zenyewe

Leo naleta historia kidogo juu ya neno moja ambalo linatugawanya hata ndani ya nyumba moja: Biblia gani ndiyo ya kweli?

Ukipanda taxi kutoka Beni mpaka Butembo, kilometa 50 na kitu, unaweza kusikia mashitaka matatu kabla ya kufika. La kwanza: "Baprotestanti balitosha vitabu saba." Mkatoliki ndiye anasema vile, na Mprotestanti anajibu kwamba ni Wakatoliki ndio waliongeza. La pili: "Hizi Biblia za sasa balikata mistari." Huyo mara nyingi anashika King James iliyopitia Kasindi kutoka Uganda, na anailinganisha na Louis Segond ya mwenzake. La tatu: "Bazungu balibadilisha yote wakati balitafsiri." Hilo linasemwa na wanafunzi wengi wa iniveriste, na ndugu zetu Waislamu wanalisema kwa namna yao.

Tunayajibu yote mara moja, kwa sauti kubwa, na hakuna anayemsadikisha mwenzake. Mimi naona sababu ni hii: tunachanganya maswali matatu. Swali la kwanza ni la orodha: vitabu gani viingie? La pili ni la nakala: mwandishi wa kale aliandika maneno gani hasa? La tatu ni la tafsiri: maneno yale tuyaseme vipi kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa Kifaransa? Kila swali lina historia yake na dawa yake. Tuyachukue moja moja.

Tuanze na orodha. Vitabu saba vinavyogombaniwa ni Tobiti, Yudithi, viwili vya Wamakabayo, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Vilikuwa vinasomwa kwa Kigiriki na Wakristo wa kwanza, lakini havimo katika Biblia ya Kiebrania ya Wayahudi. Tayari katika karne ya 4 na ya 5, Hieronimo, mtafsiri mkubwa wa Kilatini, alikuwa anavitofautisha na vile vya Kiebrania. Kwa hiyo mjadala ni wa zamani sana. Haukuletwa Kivu na mmisioni yeyote.

Luther alipochapisha Biblia nzima ya Kijerumani mwaka 1534, hakuvitupa. Aliviweka pamoja, kati ya Agano la Kale na Jipya, akisema ni vizuri kusoma lakini si sawa na vingine. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento ukatamka kwamba kwa Wakatoliki ni Maandiko kamili. Na sasa sikilizeni: hata King James ya mwaka 1611, ile ambayo wengine wetu wanaishika kama panga, ilitoka ikiwa na vitabu hivyo ndani.

Vilipotea wapi basi? Jibu kubwa liko London. Shirika la Biblia la Uingereza lilianzishwa mwaka 1804 kwa kuchapisha Biblia za bei nafuu kwa ulimwengu wote. Waprotestanti wakagombana kati yao, hasa wale wa Scotland na wale wa London, na mwaka 1826 shirika likaamua kwamba halitatoa tena pesa kwa Biblia yenye vitabu vile. Uamuzi wa mkutano mmoja wa Ulaya, na miaka karibu 100 baadaye mtoto wa Katwa, kwa Wabaptisti, anakua na vitabu 66, na mtoto wa misioni ya Waasumsionisti, ambao walifika kwetu mwaka 1929, anakua na 73. Wote wawili wanaamini mwenzake ameibiwa au ameiba. Kumbe hakuna mwizi. Kuna maamuzi, yana tarehe, na walioyafanya waliyafanya mchana. Leo hii tafsiri kama TOB ya Kifaransa na Habari Njema ya Kiswahili zilifanywa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, na zina toleo lenye Deuterokanoni.

Tuje kwenye swali la pili, la nakala, ambalo ndilo gumu.

Hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa na mkono wa Paulo au wa Marko iliyobaki. Tuliyo nayo ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono, kwenye mafunjo na kwenye ngozi. Kwa Agano Jipya la Kigiriki peke yake zimehesabiwa zaidi ya 5 000, nyingine kitabu kizima, nyingine kipande kidogo kama kile cha Yohana kilichoko Manchester, ambacho kwa kawaida kinawekwa katika karne ya 2. Nakala hizi hazifanani neno kwa neno. Ndiyo, zina tofauti, na ni nyingi sana. Mtu akisikia hilo mara ya kwanza, roho inashtuka.

Lakini sisi tuko watu wa Butembo, biashara tunaijua. Chukua fakitire ya kontena iliyotoka Dubai. Ile ya asili imepotea. Wafanyakazi watano, kila mmoja katika depo yake, walikuwa wameinakili. Nne zinasema katoni 12, moja inasema 21. Je, utasema fakitire yote ni uongo? Hapana. Utajua pale yule wa tano aligeuza tarakimu. Ni kwa sababu nakala ni nyingi ndiyo makosa yanaonekana. Kama ungekuwa na nakala moja tu, isingekuwa na tofauti hata moja, na wewe usingejua kama imekosea wapi.

Ongeza jambo moja. Kama zile nne zote zilinakiliwa kutoka kwa karatasi moja ya jirani, basi si mashahidi wanne tena, ni shahidi mmoja aliyesema mara nne. Kwa hiyo wataalamu hawahesabu tu nakala. Wanazipima: ya lini, ilitoka wapi, ilinakiliwa kutoka kwa ipi. Ukishika hilo, umeshika nusu ya elimu yote hii.

Sasa tuone lile la "kukatwa mistari". Mwaka 1516, mjini Basel, Erasmus alitoa Agano Jipya la Kigiriki la kwanza kuuzwa likiwa limechapishwa. Alifanya haraka. Alikuwa na nakala chache za Kigiriki, nyingi za karne ya 12 hivi, na kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na moja tu, ambayo karatasi ya mwisho ilikuwa imeng'oka. Mistari sita ya mwisho akaitafsiri mwenyewe kutoka Kilatini kurudi Kigiriki. Maandishi haya, yakirekebishwa hapa na pale na wengine, ndiyo yalikuwa msingi wa King James na wa Biblia za kale za Kifaransa.

Katika 1 Yohana sura ya 5, Biblia za Kilatini za wakati ule zilikuwa na maneno juu ya mashahidi watatu mbinguni: Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Erasmus hakuyakuta katika Kigiriki, akayaacha mwaka 1516 na tena mwaka 1519. Alilaumiwa vikali. Kisha ikaletwa nakala moja ya Kigiriki iliyokuwa nayo, ya wakati wake mwenyewe, ambayo leo iko Dublin; na katika toleo la 1522 akayaingiza, huku akionyesha kwamba ana mashaka. Kutoka hapo yakaingia King James. Segond ya 1910 haina maneno hayo. Basi ndugu mwenye King James anaposema "balikata", historia inasema kinyume: kuna mahali yaliongezwa, na Segond imerudi kwenye hali ya nakala za kale. Na tusiogope juu ya Utatu: Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulijadili uungu wa Kristo bila kuutegemea mstari huo.

Kilichosaidia kuona haya ni nakala za kale zaidi kujulikana. Na hapa kuna mwaka mmoja ambao napenda tuukumbuke: 1844. Mwaka ule Mjerumani Tischendorf alifika kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya mlima Sinai, akaona karatasi za ngozi za Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4. Akaenda na 43 mpaka Leipzig. Mwaka 1859 akarudi, akaonyeshwa sehemu kubwa iliyobaki, nayo ikaishia kwa mfalme wa Urusi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovyeti ikaiuza kwa Waingereza kwa paundi 100 000. Tischendorf alisimulia kwamba aliziokoa katika kapu la takataka za kuchomwa. Watawa wanakataa masimulizi hayo mpaka leo. Sisi wa Congo, ambao tunajua vitu vyetu vilivyo katika makumbusho ya watu, tunaweza kuwaelewa watawa. Lakini kitabu chenyewe leo kimewekwa kwenye intaneti, ukurasa kwa ukurasa, na mtu mwenye simu pale Rond-point ya Butembo anaweza kukitazama bure.

Mwaka uleule wa 1844, Mjerumani mwingine, Krapf, alifika Mombasa. Huko alimzika mke wake na mtoto mchanga. Na huko alianza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Msahihishaji wake alikuwa nani? Kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Nitarudi kwake.

Kwa Agano la Kale, jaribio kubwa lilikuja mwaka 1947, wakati wachungaji wa Kibedui walipokuta mitungi ndani ya pango karibu na Bahari ya Chumvi. Nakala nzima ya Biblia ya Kiebrania ya kale zaidi iliyobaki kamili ni ya karibu mwaka 1008. Katika pango kulikuwa na Isaya nzima iliyoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Miaka zaidi ya 1 000 kati ya hizo mbili, yote ya kunakili kwa mkono! Wakazilinganisha. Tofauti zipo nyingi, za herufi, za namna ya kuandika, na mahali pengine za maneno yenyewe. Lakini ni Isaya yuleyule. Vilevile tuseme ukweli wote: mapango yaleyale yalitoa vipande vya Yeremia ambavyo vinafuata toleo fupi, lile lililojulikana kwa Kigiriki. Kumbe zamani zile kulikuwa na matoleo zaidi ya moja ya kitabu kimoja. Anayesema hakuna kilichobadilika hata nukta, nakala zinamkatalia. Anayesema kila kitu kilibadilishwa, zinamkatalia pia.

Sasa mtaniuliza: haya yote yanatusaidia nini huku kwetu, ambako watu wanafikiria usalama na chakula? Nitawajibu kwa mwisho wa Marko.

Injili ya Marko, sura ya 16, katika nakala mbili kubwa za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, inaishia mstari wa 8: wanawake wanakimbia kaburini wakiogopa. Mistari ya 9 mpaka 20 haimo. Imo katika nakala nyingi za baadaye, na ni ya zamani pia, kwa sababu Ireneo katika karne ya 2 alikuwa anaijua. Lakini mtindo wake wa Kigiriki ni tofauti, na wataalamu wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, wanaona haikuandikwa na Marko mwenyewe. Ndiyo maana Biblia nyingi za sasa zinaweka mabano au maelezo chini ya ukurasa. Na ni ndani ya mistari hiyo ndipo kuna ahadi ya kushika nyoka, kunywa sumu bila kudhurika, na kuwekea wagonjwa mikono wapone.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, katika teritware ya Beni. Ilipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3 470 na vifo 2 287. Beni, Butembo na Katwa ziliumia sana. Katika miezi ile nilikaa katika chumba kimoja cha maombi ambapo mstari wa 18 ulisomwa mbele ya mama aliyekuwa na homa, na mhubiri akasema mwenye imani hana haja ya kwenda kupimwa, juu hata sumu haimwezi. Watu wakasema amina. Wengine wakamwekea mikono, bila glavu. Hakuna aliyetazama yale maandishi madogo chini ya ukurasa, na yalikuwa pale pale, kwa Kifaransa chepesi, chini ya kidole chake.

Sisemi kwamba maelezo ya chini ya ukurasa yangezuia ugonjwa. Tena si haki kuwasema watu wa dini wote: hospitali ya Katwa ni ya Wabaptisti, Matanda ni ya Wakatoliki, na wauguzi wao walibeba mzigo ule pamoja na wengine. Wala sisemi kuombea wagonjwa kunategemea Marko 16 peke yake. Yakobo sura ya 5 inaongea juu ya kuwapaka wagonjwa mafuta na kuwaombea, na hapo nakala hazina ugomvi. Ninachosema ni kidogo: mtu anayejua kwamba mstari fulani una mashaka katika nakala za kale hataweka uhai wa mama juu ya mstari huo peke yake. Atakuwa mpole zaidi. Atasema: tuombe, na twende pia kupimwa. Elimu ya nakala si ya maprofesa tu. Kuna siku inaweza kuwa neno la uhai na kifo mu kartye yetu.

Limebaki swali la tatu, la tafsiri. Hapa kosa halitoki kwa mnakili. Linatoka kwenye umaskini wa kila lugha mbele ya lugha nyingine. Isaya anaongea juu ya dhambi kuwa nyeupe kama theluji. Mtu wa pwani ambaye hajaiona theluji anaichukua kama neno tu. Mzee wa Mutwanga anainua macho asubuhi isiyo na mawingu, anaiona juu ya Ruwenzori. Mstari ni mmoja, nakala ni zilezile, lakini wasomaji wawili wamepokea vitu viwili.

Na maneno yenyewe tuliyapata wapi? Torati, Zaburi, Injili, nabii, malaika, shetani, hata hilo neno theluji: yote yaliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, mengi kupitia midomo ya Waislamu wa pwani. Mjerumani Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Haikushika sana. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo ilienea Afrika ya Mashariki, na sisi huku tunaisoma kando ya Biblia ya Kiswahili cha Congo, ile ambayo wazee waliiita Kingwana. Basi Mkristo wa Beni anapofungua Biblia ya Kiswahili, tayari anakula sahani moja na jirani yake Mwislamu. Na ukurasa wa kwanza kabisa wa Mwanzo kwa Kiswahili ulipitia macho ya kadhi. Tangu mwaka 2014, kwa sababu ya mauaji ya Beni, tumezoea kumtazama kila Mwislamu kwa jicho la mashaka. Jambo hilo dogo la kadhi wa Mombasa lisisahauliwe.

Najua kuna wachungaji na makatekista wanaogopa kuyasema haya mbele ya waumini: "Tukibafundisha hivi, imani itapunguka." Mimi naona kinyume. Kijana ambaye hakuambiwa kitu kanisani, siku moja ataona video ya dakika tatu kwenye simu ikimwambia Biblia ina tofauti elfu na elfu. Atadhani alifichwa. Na mtu akidhani alifichwa jambo moja, haamini tena na lile jingine. Kwa upande mwingine, tusiseme nakala zinathibitisha zaidi ya zinavyoweza. Zinatuonyesha, kwa uhakika mkubwa, mwandishi aliandika nini. Kama alichoandika ni kweli, hilo ni swali jingine, na halijibiwi kwa kupima umri wa ngozi.

Kwa hiyo, siku mutu atakuambia "Biblia ilibadilishwa", usikasirike, na usikubali haraka. Muulize kwa heshima mambo matatu. Mstari gani? Ukisema kabadilishwa, katika nakala ipi ulikuwa tofauti? Na unaongea juu ya orodha, juu ya nakala, ama juu ya tafsiri? Kama ana jibu, kaa chini mpekue pamoja, juu anaweza kuwa na haki kwa mstari ule. Kama hana, mpe Biblia yako yenye maelezo, mwonyeshe yale maandishi madogo ya chini, na muanze kusoma kutoka hapo.